Nusu Saa ya Betri

Baba yangu alinunua gari ili aliangalie. Nasema hivyo kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi, lakini ndugu zangu ni mashahidi, na jirani yeyote wa Ruhuwiko wa miaka ile atakwambia hivyo hivyo. Lilikuwa gari dogo jeupe, la mtumba, lililotoka Japani likapitia Dubai, likatufikia Songea likiwa na karatasi ya maandishi ya kwao kwenye kioo cha nyuma. Baba alikataza isibanduliwe. Hakuna aliyejua inasema nini, ila yeye alisema ni cheti cha gari, na cheti hakibanduliwi.

Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu vilivyokuwa havionekani madukani vikaanza kuonekana, na kazi zilizokuwepo zikaanza kupotea. Baba alikuwa karani wa ghala la ushirika kwa miaka mingi. Kisha wafanyabiashara wakaruhusiwa kununua mahindi wenyewe, ushirika ukabaki na maghala matupu, na makarani wakaambiwa waende nyumbani. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakafungua vioski au wakanunua mashine za kusaga. Baba akanunua gari. Mama alipouliza gari hilo litatupeleka wapi, alijibu kwamba litatupeleka kanisani. Na kwa jinsi alivyoibania petroli, kweli halikupata kwenda mahali pengine pa maana.

Siku sita za wiki lilikaa uani chini ya turubai, pua yake ikitazama ukuta wa choo. Kila asubuhi baada ya chai baba alilifunua, akaingia, akafunga mlango na kuwasha. Likanguruma dakika tano, yeye ametulia ndani, mikono kwenye usukani, macho kwenye ukuta wa choo. Kisha akazima, akatoka, akalifunika tena kwa uangalifu. Tukimwuliza, alisema anaiamsha betri isije ikalala moja kwa moja.

Mchana alirudi tena. Umeme wa mji wetu ulitoka kwenye majenereta na mgao haukuwa na mwisho, kwa hiyo redio ya gari ndiyo iliyokuwa ya kutegemewa. Baba alifungua mlango, akaketi mguu mmoja nje, akasikiliza taarifa ya habari na matangazo ya vifo mpaka tangazo la mwisho, hata vifo vya watu wa mikoa ambayo hakuwahi kufika. Mama alisema mumewe ndiye mwanamume pekee wa Ruhuwiko mwenye sebule ya magurudumu manne.

Jumapili ndipo tulipoona matunda ya uangalizi huo. Baba anavaa koti, mama anavaa kitenge chake kizuri, sisi tumejipanga kiti cha nyuma, na gari linasema kitu kama kikohozi cha mzee, basi. Tunashuka. Tunasukuma kinyumenyume mpaka barabarani, kisha kwenda mbele, majirani wanaongezeka, linashika, na familia ya karani mstaafu inaelekea kwenye misa ikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kanisani baba alikuwa na mahali pake, pale juu penye mteremko, ambapo akiachia breki gari linajishukia lenyewe na kushika moto bila kuomba msaada wa mtu. Sokoni hakuzima kabisa. Alimwacha mama anunue nyanya huku gari likinguruma kando ya barabara, na mama akanunua kwa haraka, maana petroli inaungua.

Nilipochumbiwa mambo yalikuwa hivyo. Mchumba wangu alikuwa mwalimu, kijana mpole, na tayari alikuwa amepata barua ya uhamisho kwenda Shinyanga. Kwa hiyo kuolewa kwangu kulikuwa ni kuolewa na kuondoka, kwa safari ya siku tatu ikiwa mabasi yamekubali. Wazee wa upande wake walipokuja nyumbani kwa mazungumzo, walisema, kwa nia njema kabisa, kwamba siku ya harusi wataleta pikapu ya mjomba wao inichukue mimi.

"Pikapu ile ya kubebea mahindi?" baba aliuliza.

"Itaoshwa, mzee."

"Binti yangu si gunia. Ana baba, na baba yake ana gari. Nitampeleka mwenyewe mpaka mlangoni mwa kanisa."

Wazee wakatazamana. Lilikuwa tamko zito, na wao walikuwa wanasali kanisa letu, wanalijua gari.

Pasaka ya mwaka ule ndipo tamko hilo lilipojaribiwa. Tulifika tukakuta mahali pa baba pamechukuliwa. Ruksa ilikuwa imeleta magari mengine mjini, na mmoja wa wenye magari hayo, bila kujua anachokifanya, alikuwa ameegesha pale penye mteremko. Baba akazunguka mara mbili akitarajia mtu huyo atatubu na kuondoka. Mwishowe akaegesha mbele ya kanisa, kwenye uwanja tambarare, akazima, na misa nzima nilimwona akigeuka kutazama mlangoni.

Tulipotoka gari halikuwaka. Mvua zilikuwa bado hazijakatika, uwanja ni matope, na waumini wote wa Pasaka wamesimama na nguo zao mpya. Wa kwanza kuja kusukuma alikuwa mchumba wangu, amevaa suruali ya rangi ya maziwa. Wa pili baba yake. Wakafuata wajomba. Ukoo mzima wa wakwe zangu watarajiwa uliinamia nyuma ya gari la baba yangu, wakahesabu moja mbili tatu, wakasukuma, na lilipowaka, magurudumu yaliwarushia matope kuanzia magotini mpaka kwenye tabasamu. Mchumba wangu alinipungia mkono. Baba hakusimama kushukuru, maana angesimama, lingezimika.

Nyumbani hakula. Alikaa mbele ya sahani ya wali wa sikukuu, akasema, "Siku ya harusi gari hili halitasukumwa. Afadhali nimbebe mgongoni." Mama akafungua mdomo kutania, akamwangalia, akaufunga. Hapo nikajua baba anaumia. Kazi waliyomwondolea hakuwahi kuilalamikia, lakini jambo hili la kufikisha mtoto wake kanisani kwa gari lake lilikuwa limebeba yote aliyoyanyamazia.

Akaanza kutibu betri kwa ujuzi aliokuwa nao, na ujuzi wake ulitoka kwenye redio. Sisi sote tulijua kwamba betri za redio zikichoka unazianika juani, zinapata nguvu kidogo, unasikiliza siku mbili tatu zaidi. Kama betri ndogo zinapona kwa jua, baba alisema, hii kubwa itakosaje? Ilipofika Juni, na baridi ya Songea unaijua, akaichomoa betri kwenye gari, akaibeba kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mkeka wa mama katikati ya mahindi yaliyoanikwa. Jua likizunguka, naye anaizungusha. Jioni anaiingiza ndani pamoja na mahindi, anaifunika blanketi, anailaza karibu na mafiga mama akimaliza kupika.

Ubaya ni kwamba siku ya kwanza ilikubali. Kwa lile joto la mchana, gari liliwaka mara moja, na baba akatuangalia sisi tusiosadiki kwa muda mrefu. Kesho yake halikuwaka, ila yeye alisema ni kwa sababu kulikuwa na mawingu.

Tuliishi hivyo mwezi mzima. Mkeka ukatoboka kwa asidi, likafuata blanketi, kisha suruali mbili za baba pale mapajani anapoegemeza betri akiibeba. Mama alizitia viraka, kila kiraka na maneno yake. "Wenzangu wana waume wanaotoboa suruali kwa kulima," alisema akikata uzi kwa meno. Kuku mmoja aliyezoea kudonoa mahindi pale mkekani alikufa, na ingawa hakuna aliyethibitisha chanzo, baba alifukia mzoga mwenyewe bila kuulizwa.

Mama ndiye aliyekomesha. Asubuhi moja aliifunga betri kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa mpira, akamkabidhi baba usukani wa baiskeli, akaniambia mimi niende nyuma nikiishika. Tukaenda mjini hivyo, kwa miguu, mpaka kwa fundi wa kuchaji betri karibu na stendi.

Fundi alikuwa mtu wa Tunduru, wa Namasakata, aliyeacha mikorosho ya baba yake akaja kutafuta maisha Songea. Alikuwa na kibanda cha mabati, na mbele yake betri zimepangwa mstari, nyaya zimeziunganisha moja kwa nyingine. Alimwamkia baba shikamoo, akamvutia kigoda, akafungua vifuniko, akachungulia. Kisha akaanza kutoa punje za mahindi kwenye pembe za betri kwa kijiti.

"Mzee wangu, hii betri ilikuwa shambani?"

Baba akakohoa. Mimi nikamweleza fundi yote, jua, mkeka, blanketi na mafiga. Alisikiliza bila kucheka, na hilo nalikumbuka kwa shukrani mpaka leo, ingawa mdomo wake ulikuwa unahangaika.

"Zile za redio na hii ni vitu viwili mbalimbali," alisema taratibu. "Hii haitaki jua wala haitaki moto wa kuni. Unaliwasha kila siku?"

"Kila asubuhi," baba akasema kwa fahari. "Dakika tano."

"Wallahi ndiyo unavyoiua, mzee wangu. Kuliwasha kunachota moto mwingi kwa mara moja. Dakika tano haziurudishi. Ni sawa na kuchota debe, ukarudisha kikombe. Kesho unachota debe lingine. Na redio je?"

"Taarifa ya habari tu."

"Na matangazo ya vifo," nikasema.

Fundi akatikisa kichwa. Akaeleza yaliyobaki huku akimimina maji ya betri. Gari likikaa, chomoa waya mweusi, betri isinyonywe. Safisha vichwa vyake kwa maji ya moto, upake grisi. Na mara moja kwa wiki, liwashe ulitoe barabarani, ukimbie nalo nusu saa kamili. "Nusu saa, mzee wangu, siyo uani, barabarani. Hapo inajaa, inshallah, na wewe mwenyewe utaona. Ikishajaa, gari unaweza kulizima popote."

"Popote?"

"Hata katikati ya uwanja wa mpira."

Baba alisukuma baiskeli njia nzima ya kurudi, macho mbele. Nadhani alikuwa anapima petroli dhidi ya suruali ya rangi ya maziwa. Tulipokaribia nyumbani aliuliza harusi imebaki Jumamosi ngapi. Nikamwambia kumi na mbili.

"Basi kila Jumamosi tutatoka nusu saa," alisema. "Wewe utanishikia saa."

Kwa nini mimi, sikuuliza. Kaka zangu walijua kuendesha na wangeiba nafasi hiyo kwa furaha. Ila tangu Jumamosi ya kwanza ilikuwa ni baba na mimi, saa yake ya mkononi nimeivaa, inaning'inia kwenye mkono wangu. Tulitoka Ruhuwiko, tukakatiza mji, tukashika lami ya Njombe, tukaipita Mshangano na nyumba zake zilizochanganyika na mashamba, mpaka kwenye daraja dogo ambapo niliona robo saa imetimia. Hapo baba aligeuza, tukarudi.

Sasa niseme ukweli kuhusu baba yangu. Alikuwa mtu wa sentensi mbili kwa siku, na moja ilikuwa ya kuuliza kama mlango umefungwa. Nimekua ndani ya nyumba yake nikijua sauti ya kikohozi chake kuliko ya maneno yake. Jumamosi mbili za kwanza tulikwenda kimya, tukisikiliza injini. Ya tatu, tulipoipita Mshangano, alionyesha bonde kwa kidevu akasema pale ndipo alipolima na mama mwaka waliooana, na mahindi yale yaliliwa na nguruwe yote. Nikacheka. Akaonekana ameshangaa kwamba jambo lake limemchekesha mtu. Jumamosi iliyofuata akaleta lingine.

Hivyo ndivyo nilivyompata baba, kwa vipande vya nusu saa. Alinieleza alivyokwenda kumposa mama akiwa amevaa viatu vya kuazima vilivyombana mpaka babu akadhani kijana ana kilema. Alinieleza siku ya mwisho ghalani, alivyofagia sakafu ambayo hakuna gunia lingewekwa tena, kwa sababu hakutaka aje mtu aseme karani aliacha uchafu. Mimi jina nilirithi kwa mama yake, naye aliniita mama tangu utotoni, lakini ndani ya gari lile alikuwa akiita, "Mama, unajua," kisha anasimulia, macho barabarani. Sidhani angeweza kuyasema tukiwa tumeketi tunatazamana.

Nami nilimwambia kwamba naogopa Shinyanga. Aliendesha mpaka darajani. Alipogeuza gari akasema, "Hata mimi naiogopa." Basi, lile neno lake lilinitosha.

Na betri ikapona. Sijui niseme nini, fundi alijua kazi yake. Kufikia Jumamosi ya saba gari lilikuwa linawaka kabla baba hajamaliza kugeuza ufunguo. Majirani waliokuwa wamezoea kuja kusukuma walikaa vibarazani wakiwa na sura za watu waliopunguzwa kazi. Baba hakuamini kabisa hata hivyo. Sokoni hakuzima, na kanisani alitangulia kufika mapema ili apate mteremko wake.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Asubuhi baba alirudisha waya mweusi, akapangusa vichwa vya betri kwa kitambaa kipya, akavaa koti. Mimi nilitolewa nje na gauni jeupe na shela iliyoazimwa, nikaingizwa nyuma pamoja na shangazi, dada yake baba, aliyekuwa amechukua nafasi mbili, na shada la maua likachukua ya tatu. Mama alitangulia kanisani na akina mama wenzake kupokea wageni. Nyuma yetu ilisimama pikapu ile ya mahindi, imeoshwa kweli, imebeba watu wa tarumbeta, na dereva wake ameambiwa jambo moja tu, afuate gari la bibi harusi.

Uani vijana kadhaa walikuwa wamekunja mikono ya mashati bila kuambiwa. Baba akageuza ufunguo, gari likawaka mara moja, na vigelegele vilivyopigwa pale sikuvisikia tena hata kanisani.

Kutoka kwetu mpaka kanisani ni dakika kumi, ukienda polepole. Tulifika penye njia ya kukunja. Baba hakukunja.

"Kaka," shangazi akasema, "kanisa tumeliacha."

"Nimeliona."

"Sasa tunakwenda wapi?"

"Betri haijajaa. Dakika kumi haziijazi. Inataka nusu saa."

Shangazi akamwaga maneno kwa Kingoni, mengi, ambayo sitayaandika kwa kuwa alikuwa ameshika rozari. Nyuma, pikapu nayo ikatufuata bila swali, tarumbeta zikilia, tukaipita stendi, ambapo fundi wa Tunduru alisimama mlangoni pa kibanda chake na kutupungia, tukashika lami ya Njombe. Watu wa Mshangano waliacha majembe kutazama harusi inayokwenda upande usio na kanisa. Mimi nilikuwa natazama kisogo cha baba. Alikuwa amenyolewa vizuri, na shingo ilikuwa imekonda kuliko nilivyojua.

"Mama," aliita, "saa unayo?"

"Sina, baba. Leo umeivaa wewe."

"Haya. Nitakisia."

Hakusimulia kitu siku ile. Darajani alipunguza mwendo, na mara hii hakugeuza haraka. Alisogea kando, akasimama, injini inanguruma, tarumbeta nyuma zinaishiwa pumzi. Baba akatazama mbele kule lami inakopotelea, barabara ambayo mimi ningeishika kwa basi siku mbili baadaye. Kisha akageuza.

Kwenye njia ya kukunja tulimkuta bwana harusi. Alikuwa anakuja kwa miguu, mwendo wa haraka, na wenzake sita, makoti wameshika mkononi, mashati wamekunja mpaka kwenye viwiko. Walikuwa wanakuja kutusukuma. Baba aliwapigia honi fupi, ya adabu, akawapita, nao wakageuka na kuanza kukimbia nyuma ya tarumbeta.

Mteremko wa baba ulikuwa wazi. Kamati ya harusi ilikuwa imeulinda tangu asubuhi, na kijana mmoja alikuwa anapunga mikono kuonyesha kwamba nafasi ni ile. Baba akampita. Akaenda mpaka mbele ya kanisa, pale pale kwenye uwanja tambarare wa Pasaka, mbele ya padri, wakwe na mama aliyekuwa ameshika kiuno. Akasimama, akageuza ufunguo, akazima. Hakusita hata kidogo, na hakutega sikio kama alivyozoea. Akautia ufunguo mfukoni, akashuka, akazunguka kunifungulia mlango.

Mtu ambaye miaka yote hakuwa na imani na betri yake hazimi gari hivyo. Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua imejaa tangu tukiwa uani.

"Umechelewa," mama alimwambia.

"Ni betri," baba akasema, akanipa mkono wake.